Risala ya Klabu ya Kemia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi, Mbeya

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Karibu Mbeya, na pole kwa baridi hii ya Juni. Tunakushukuru kwa kukubali kuja kukagua meza zetu. Kwa kuwa wewe ni mkemia wa dawa, na kazi yako inahusu vipokezi (protini za seli zinazopokea ujumbe) vya asetilikolini, kemikali inayobeba ujumbe wa neva, na dawa zinazowashwa na kuzimwa kwa mwanga, klabu iliona risala ya mwaka huu isiwe orodha ya vikombe na michango. Tunaomba tuzungumze kemia.

Mheshimiwa mgeni rasmi, asetilikolini si habari ya mbali kwa mkoa huu. Mkulima wa viazi Umalila anayepuliza profenofosi, sumu ya wadudu, bila glavu, na mvunaji wa tumbaku Chunya anayekumbatia majani yenye umande, wote wanavuruga mfumo mmoja, ila kwa njia tofauti. Nikotini ya tumbaku mbichi hupenya ngozi iliyolowa na kwenda kukaa kwenye kipokezi chenyewe. Ndiyo maana mvunaji hutapika na kushikwa na kizunguzungu hata kama hajawahi kuvuta sigara. Profenofosi hufanya kazi kwingine. Hufunga kimeng'enya cha asetilikolinesterasi, kinachovunja asetilikolini mara tu ujumbe wa neva unapofika. Kikifungwa, asetilikolini hurundikana: mate na jasho hutiririka, mboni husinyaa, mapafu hujaa majimaji, misuli hucheza kisha hulegea. Mankozebu, ile poda ya ukungu wa viazi, haina tabia hiyo, lakini kwa kuwa mara nyingi huchanganywa na profenofosi kwenye bomba moja, lawama huiangukia yenyewe.

Mtafiti Mwingereza Henry Dale alikwisha kubainisha mwaka 1914 kwamba asetilikolini ina matendo ya namna mbili, moja likifanana na la nikotini na jingine na la maskarini ya uyoga. Leo tunajua sababu. Kipokezi cha nikotini ni protini 5 zilizozunguka tundu. Molekuli mbili za asetilikolini zikikaa mahali pake, tundu hufunguka kwa milisekunde na sodiamu huingia. Vipokezi vya maskarini, M1 hadi M5, havina tundu. Hupeleka ujumbe kupitia protini za G, yaani wasaidizi walio ndani ya seli, kwa mwendo wa pole zaidi. M2 hupunguza kasi ya moyo, M3 huendesha tezi na misuli laini.

Tofauti hii huonekana waziwazi wodini. Mtu mzima aliyekunywa sumu ya aina ya profenofosi huchomwa atropini miligramu 1 hadi 3 kwenye mshipa, na dozi huongezwa maradufu kila baada ya dakika 5 mpaka mapafu yakauke. Atropini huziba vipokezi vya maskarini peke yake. Mapafu yanaweza kukauka, moyo ukatulia, na bado mgonjwa akashindwa kupumua, kwa sababu misuli ya kupumulia hutumia vipokezi vya nikotini. Anayepima maendeleo kwa kuangalia ukubwa wa mboni tu anaweza kukosea sana. Na atropini ikizidi, inakwenda kote: mdomo hukauka, mkojo huzuilika, mgonjwa huweweseka. Dawa haina upungufu wa nguvu. Shida ni kwamba haina mahali, kwa kuwa M1 hadi M5 vimetapakaa mwili mzima.

Hapo ndipo mwanga unapoingia, kwa kuwa unaweza kuelekezwa mahali pamoja tu. Mwaka 1937 mkemia Hartley alieleza kwamba azobenzini, pete mbili za benzini zilizounganishwa na nitrojeni mbili, hubadilika umbo ikimulikwa. Umbo lililonyooka lina urefu wa nanomita 0.9 hivi kutoka ncha hadi ncha. Urujuanimno wa nanomita 365 hulipinda mpaka takriban 0.55. Mwanga wa bluu au joto hulirudisha. Mwaka 1971 kundi la mtafiti Bernard Erlanger liliweka kichwa chenye amoniamu ya nne (nitrojeni yenye chaji chanya iliyoshikwa na kaboni nne), mfano wa kile cha asetilikolini, kila upande wa azobenzini, likapata molekuli iliyoitwa Bis-Q. Kwenye seli za umeme za samaki aitwaye mkunga wa umeme, wa Amerika Kusini, umbo lililonyooka liliamsha vipokezi vya nikotini kwa nguvu, lililopinda likawa karibu halina kitu. Baadaye ilikuja molekuli ya AzoCholine ya mwaka 2015 kwa vipokezi vya alfa 7, aina mojawapo ya vile vya nikotini, na mwaka 2019 watafiti wa Barcelona na Würzburg walidhibiti kwa mwanga mapigo ya moyo ya viluwiluwi na ya panya kupitia M2.

Mheshimiwa mgeni rasmi, utakapofika meza ya kwanza utaona rangi nyekundu ya azo (yenye nitrojeni mbili zilizoungana, kama za azobenzini), ile ya kidato cha sita. Anilini mililita 1 huyeyushwa katika asidi ya hidrokloriki nzito mililita 3 na maji 10, hupozwa chini ya nyuzi 5, kisha nitriti ya sodiamu gramu 0.8 iliyoyeyushwa katika maji hudondoshwa polepole. Mchanganyiko huo humiminwa kwenye naftoli-2 gramu 1.6 iliyo ndani ya sodiamu haidroksaidi. Barafu ikiisha na joto likapanda, chumvi ya diazoniamu huvunjika: mapovu ya nitrojeni hutoka, harufu ya fenoli husikika, na rangi huwa ya kahawia chafu.

Tunalotaka kusema ni kwamba rangi hiyo, hata ikitoka safi kabisa, haitajipinda mbele ya macho yako. Hidrojeni ya kundi la haidroksili huhamia kwenye nitrojeni, na kifungo cha azo hakibaki kama kilivyochorwa ubaoni. Ndiyo sababu meza ya pili inatumia azobenzini tupu. Ni somo zuri kwa anayebuni dawa pia: kundi moja lililoongezwa ili dawa iyeyuke vizuri linaweza kuua swichi.

Jaribio la meza ya pili ni rahisi. Miligramu 20 za azobenzini huyeyushwa katika toluini mililita 2 na kugawanywa kwenye neli mbili. Moja hufungwa foili, nyingine huachwa juani saa nzima. Hapa mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, jua la saa sita halihitaji kusaidiwa. Matone ya zote mbili huwekwa kwa kapilari (kineli chembamba cha kioo) kwenye kipande cha bamba lililopakwa unga wa silika, na kipande husimamishwa ndani ya bika lenye heksani sehemu 9 na ethili asetati sehemu 1. Neli ya gizani hutoa doa moja la njano linalopanda juu. Ya juani hutoa mawili. Umbo lililopinda lina ncha za umeme, hung'ang'ania silika na kubaki chini. Bika lisipofunikwa foili madoa huburuta mkia, kwani molekuli zinaendelea kubadilika zikiwa njiani. Anayetilia shaka akimulike kipande hicho, akigeuze nyuzi 90, akipandishe tena: kila doa litazaa mawili. Glavu ni lazima, azobenzini inashukiwa kusababisha saratani.

Jua hilo halifikishi molekuli zote, na hata taa safi ya nanomita 365 kwa kawaida huacha asilimia 10 hadi 20 zikiwa zimenyooka. Kwetu hilo ndilo jambo zito kuliko yote. Ikiwa umbo lililonyooka ndilo linalofanya kazi, na ukatoa dozi mara 10 ya inayotosha, ile asilimia 10 iliyobaki bado inatosha, umemulika bure. Mbaya zaidi, dawa hiyo inafanya kazi gizani, yaani mwili mzima, mpaka imulikwe. Tungependelea ile inayolala gizani na kuamka ikimulikwa, ingawa kuibuni ni kugumu zaidi. Urujuanimno nao haupenyi hata milimita moja ya ngozi vizuri, ndiyo maana wakemia huweka florini au klorini nne jirani na kifungo cha azo ili swichi iitikie mwanga wa kijani au mwekundu. Jicho lina nafuu, mwanga unaingia wenyewe.

Mheshimiwa mgeni rasmi, maombi yetu ni machache. Tunaomba taa mbili za LED, ya nanomita 365 na ya 450, pamoja na miwani ya kukinga urujuanimno, maana jua haliwezi kuonyesha safari ya kurudi. Tunaomba vipande vya silika, pakiti moja. Na tunaomba utusaidie kuzungumza na wahusika wa afya, zahanati za maeneo ya viazi na tumbaku zipate vipimo vya kimeng'enya cha kolinesterasi kwa tone la damu, ili mpuliziaji apimwe kabla ya msimu, apate namba yake ya kawaida, na apimwe tena katikati ya msimu.

Tunaomba kuwasilisha.