Kaka, ile pesa haikuwa ya kamari

Kaka,

Nasikia umemkataza mwanao kunipigia simu, eti nitamwingiza kwenye mambo ya mbio za farasi. Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu simu zangu hupokei, na jina langu ulilichafua mbele ya watu vilevile.

Pole kwanza na mguu, shemeji aliniambia. Dawa umalize zote, usiache katikati kama unavyopenda.

Kwenye matanga ya mama, simu ikiwa kwenye spika na wazee wameketi, ulisema: "Hela za kamari hazitanunua jeneza la mama yetu." Ukazirudisha hela nilizotuma. Hata baba mdogo hakukukanya. Ya kiwanja nimeyaachilia. Hili limenikaa kooni. Ada za wadogo wetu zilitoka kwenye hela hizohizo, na ulizipokea kwa mikono miwili.

Wanaoweka dau wapo, na sehemu ya zawadi hutoka kwenye dau lao, sikufichi. Mimi silipwi kwa kubahatisha. Saa kumi alfajiri nipo bandani: nalisha, napapasa miguu kama ina joto, nakagua kwato. Farasi wetu hawapandwi mgongoni. Huvuta kigari chepesi cha magurudumu mawili, dereva ameketi nyuma ya mkia. Farasi akitoka kwenye mwendo aliofundishwa akaanza kwenda shoti, dereva lazima amzuie kwa hatamu hadi arudie mwendo, huku wenzake wanampita. Kumfundisha mnyama mwenye kasi ile ajizuie ni kazi ya subira, kaka.

Hapa Lexington, Kentucky, Marekani, kuna uwanja wa mbio hizi uitwao Red Mile, ulioanza 1875. Hapo mwaka 1938 farasi Greyhound alimaliza maili moja kwa dakika 1 na sekunde 55 na robo. Miaka 31 ikapita kabla farasi Nevele Pride hajaivunja rekodi ile, kule Indianapolis, dereva Stanley Dancer akiwa ameshika hatamu. Dancer alianza na farasi wa dola 250, akiba ya mkewe. Mwaka 1964 akawa dereva wa kwanza ambaye farasi aliowaendesha walishinda zaidi ya dola milioni moja kwa msimu mmoja. Alikuwa dereva na mkufunzi, na hakuna aliyemwita mcheza kamari.

Nami sasa nina sehemu yangu katika farasi jike mmoja. Akishika mimba, ni miezi 11, kisha kama miaka miwili kabla mwanawe hajaingia kwenye mbio. Mcheza kamari gani anangoja hivyo?

Mwache kijana anipigie. Sina nia ya kukunyang'anya mtoto. Ana mikono mizuri kwa wanyama, na unajua alikoitoa: kwa mama.

Hela za mama sikuzila. Nasikia kaburi bado ni udongo mtupu. Ijumaa namtumia baba mdogo za saruji, ukubali usikubali.

Mdogo wako