Barua ya malalamiko: mlinitoza kufungua injini ambayo hamkuifungua

Kwa Meneja,
Huduma Baada ya Mauzo,
Dar es Salaam.

YAH: PAMPU YA MAJI YA HOSIPAWA 5.5 NA MATUSI NILIYOPATA KAUNTANI

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Pampu mliyoniuzia kamba yake ya kuwashia ilikuwa nzito, nikaileta kwenu mara mbili. Masharti yenu ya waranti na ya karakana mnayajua kuliko mimi, siyarudii. Nakuja moja kwa moja kwenye ile Jumatatu niliyosimama mbele ya kaunta yenu, mkono wa mwanangu ukiwa umening'inizwa kwa kitenge changu, kijana wenu wa mapokezi akaniambia: "Mama, mashine siyo mwiko. Tafuta mwanaume akuvutie kamba." Wateja wakacheka. Msimamizi wa karakana alikuwa nyuma yake. Naye akacheka.

Nimekaa siku nne kabla ya kushika kalamu, ili niandike kwa adabu.

Injini hizi ndogo za petroli zina kifaa kwenye kemshafti, ile shafti inayofungua valvu, ambacho mafundi wanakiita dikompresa. Ni kizito kidogo chenye springi yake. Unapovuta kamba injini inazunguka polepole, springi inakizuia kile kizito kisifunguke, na hapo pini inachomoza na kuinua valvu ya ekzosi kidogo sana wakati pistoni inapanda. Kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, inapungua, kamba inakuja. Injini ikishika kasi, kizito kinatupwa nje, pini inajificha, valvu inafunga sawasawa na injini inapata nguvu zake zote. Kwa hiyo kamba ikiwa nzito na inapiga teke, yaani inavuta kurudi nyuma ghafla, cha kukaguliwa ni nafasi za valvu na kifaa hicho. Misuli ya anayevuta haihusiki. Kiliwekwa ili mtu kama mimi, mwenye miaka 58 na matuta ya mchicha na matembele kule Kinyerezi, awashe pampu yake mwenyewe alfajiri. Na miaka miwili niliiwasha mwenyewe.

Fundi wenu alisema nini? Kwamba ringi zimekwisha, nilete 260,000. Nikamuuliza, ringi zikiisha si kompresheni inavuja na kamba inakuwa nyepesi? Hakunijibu. Hiyo ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza mlisafisha kabureta, mkabadilisha plagi, mkachukua 45,000, na kamba ikabaki vilevile. Mara ya pili, nilipokataa ringi, ndipo mkaandika kwenye kadi ya kazi "kufungua injini, kukagua kemshafti na dikompresa", shilingi 140,000. Nililipa. Nikasubiri siku tisa badala ya mbili mlizosema, huku nikimwagilia kwa ndoo.

Siku niliyoichukua, kamba ilimnyang'anya mwanangu mpini na kumvuta mkono hadi kwenye bodi ya pampu. Kifundo kiliteguka.

Niliipeleka kwa fundi wa mtaani Buguruni, nikakaa kwenye kigoda chake nikiangalia kila nati. Alianza na mfuniko wa valvu, injini ikiwa baridi, akaingiza fila, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi. Kitabu mlichonipa pamoja na pampu kinasema milimita 0.15 kwa valvu ya kuingizia na 0.20 kwa ya ekzosi. Ya ekzosi ilimeza fila ya 0.50 bila kukwama. Nafasi ikiwa kubwa hivyo, hata dikompresa nzima haifiki kuinua valvu. Hiyo peke yake ni kazi ya nusu saa, na hamkuifanya. Akaiweka sawa, kamba bado ikapiga teke. Ndipo akamwaga oili na kufungua mfuniko wa ubavuni. Rangi ya kiwandani ilikuwa haijapasuka kwenye kichwa cha bolti hata moja. Gasketi ilikuwa ile ya kiwandani. Ndani, springi ya dikompresa ilikuwa imekatika na kipande chake kimelala kwenye oili, karibu na gia. Kingeingia katikati ya meno ya gia, leo ningekuwa nazungumzia injini iliyokufa.

Mlichukua 140,000 kwa kufungua kitu ambacho hamkukifungua.

Hayo ndiyo niliyokuja kuwaeleza Jumatatu ile, na springi iliyokatika nilikuwa nayo kwenye bahasha. Kijana wenu hakunipa hata shikamoo, ilhali nina umri wa kumzaa. Nilipoweka bahasha juu ya kaunta aliisukuma pembeni kwa kidole bila kuifungua. Nikasema, "Baba, naomba uangalie tu." Akapaza sauti ili waliokuwa foleni wasikie: "Mama, mashine siyo mwiko. Tafuta mwanaume akuvutie kamba." Mwanangu alikuwa pembeni yangu. Ana miaka 19. Ndiye mwanaume aliyevuta, na mkono wake ulikuwa umefungwa mbele ya macho yao. Aliinamisha kichwa. Msimamizi wenu alimwona, akacheka hivyohivyo.

Naomba mnirudishie 140,000. Na 45,000 ya kabureta pia, kwa sababu kabureta haikuwa na kosa. Na 60,000 niliyomlipa fundi wa Buguruni, springi, gasketi na oili vikiwemo, kwa kazi iliyokuwa yenu. Na gharama za hospitali, vyeti ninavyo. Na msimamizi yule amwombe mwanangu radhi kwa maandishi, kwa jina lake na sahihi yake, si kwa simu.

Tena zile 140,000 sikupewa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Niliambiwa mashine imeharibika, nirudi kesho, na kesho ikawa mwezi. Nadhani TRA, Mamlaka ya Mapato, wangependa kusikia mashine hiyo huharibika mara ngapi.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kuwapa siku 14. Nawapa saba. Bolti zile, gasketi ya zamani na springi nimezihifadhi, na fundi yuko tayari kueleza alichokiona. Nakala ya barua hii nimeshaiandikia anwani ya Tume ya Ushindani. Imebaki kubandikwa stempu.

Mteja wenu,
Mkulima wa bustani, Kinyerezi.