Risala ya Kikundi cha Wasichana Wachezaji wa Mpira wa Vinyoya kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mtwara

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani wa kata yetu,
Ndugu Afisa Utamaduni na Michezo,
Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa na wajumbe wako,
Walimu, wazazi, walezi na wachezaji wetu,
Itifaki imezingatiwa.

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wakubwa wetu, shikamooni.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima wa afya. Pili tunakushukuru wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kukubali mwaliko wetu. Tunajua huu ni msimu wa minada ya korosho na ofisi yako haina usiku wala mchana. Kuacha yote hayo ukaja kukaa nasi kwenye viti hivi vya plastiki ni heshima ambayo wazazi waliopo hapa wataizungumza mwaka mzima. Tunakuomba utuvumilie, kwa sababu risala hii ina jambo moja zito na tusingependa lipotee katikati ya shukrani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu kilianza mwaka 2018 kikiwa na wasichana saba, raketi mbili na wavu tuliofumiwa na babu mmoja mvuvi wa Mikindani, ambaye hakutaka malipo yoyote. Nguzo zake ni mabomba mawili yaliyosimikwa kwenye rimu za gari zilizojazwa zege, na ndizo unazoziona mbele yako. Leo tuko wasichana 34, wa shule za msingi, wa sekondari na waliomaliza shule.

Mafanikio yetu ni makubwa. Tumeutambulisha mpira wa vinyoya, yaani badminton, katika Kanda ya Kusini, mahali ambapo watu wengi walidhani ni mchezo wa kwenye televisheni tu. Tulisafiri hadi Lindi kwa nauli tulizochangishana wenyewe na tukarudi na kikombe cha nafasi ya pili. Tumezalisha waamuzi watano wa kike wanaozijua sheria kwa kichwa: seti ni pointi 21, mkifika 20 kwa 20 mshindi lazima amzidi mwenzake kwa pointi mbili, na ikifika 29 kwa 29 pointi inayofuata inamaliza kazi. Nidhamu ya wachezaji wetu shuleni imepanda. Walimu wakuu wapo hapa, watatushuhudia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wapo wazazi wanaotuuliza kila wiki, mchezo huu utampeleka wapi mtoto wa kike? Turuhusu tujibu kwa kumtaja mtu mmoja. Picha yake imebandikwa kwenye mlango wa kabati letu la vifaa na hakuna binti hapa asiyemjua.

Carolina Marín alizaliwa mwaka 1993 Huelva, mji wa bandari na uvuvi kusini-magharibi mwa Hispania. Utotoni alikuwa akicheza flamenko, ngoma ya kwao, mpaka rafiki yake alipomshika mkono wakaenda kujaribu mpira wa vinyoya. Klabu aliyoanzia ilikuwa ya shule ya sekondari, IES La Orden. Tunaomba hilo lisikike vizuri, Mheshimiwa: shule ya sekondari, katika nchi ambayo kila mtoto anazungumza mpira wa miguu. Akiwa na miaka 14 aliagana na wazazi wake akahamia Madrid, kwenye kituo cha taifa cha mazoezi, chini ya kocha Fernando Rivas. Mwaka 2014 alikuwa bingwa wa dunia Copenhagen. Mwaka 2015 akarudia Jakarta, na mwaka 2018 akashinda tena Nanjing, nchini China, akawa mwanamke wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa mchezaji mmoja mmoja mara tatu. Katikati ya hayo, mwaka 2016, alitwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Rio. Fainali ile tumeitazama kwenye simu ya mwalimu mpaka tunazikumbuka pointi: alipoteza seti ya kwanza 19 kwa 21, akashinda ya pili 21 kwa 12 na ya tatu 21 kwa 15. Kabla yake hakuna mwanamke kutoka nje ya Asia aliyewahi kuipata dhahabu hiyo.

Kazi yake haikuwa ya raha tupu. Januari 2019 goti la kulia lilikatika kano katikati ya fainali. Septemba mwaka huohuo alirudi na kushinda mashindano ya wazi ya China. Mwaka 2021 likaenda goti la kushoto, akaikosa Olimpiki ya Tokyo. Mwaka 2024 mjini Paris, katika nusu fainali, alikuwa ameshinda seti ya kwanza na anaongoza ya pili, goti la kulia likamwangusha tena, akatoka uwanjani analia. Mpinzani wake, He Bingjiao wa China, alipopanda jukwaani kuchukua medali ya fedha alishika mkononi beji ndogo ya Hispania. Wasichana wetu walilia siku ile, na sisi wakubwa hatukuwa na la kuwaambia.

Sasa tunaomba usikilize hili, maana ndiyo sababu ya kulisoma jina lake mbele yako. Desemba 2021 mashindano ya dunia yalifanyika Huelva kwao, ndani ya ukumbi wa michezo wa mji ule ule, ukumbi wenye jina lake. Na yule ambaye Marín alimshinda katika fainali ya Rio, P. V. Sindhu wa India, alilelewa kwenye akademia ya Pullela Gopichand mjini Hyderabad. Serikali ya jimbo ilitoa ekari tano za ardhi, kocha mwenyewe akaiweka nyumba yake rehani ili kuta zisimame. Kutoka hapo Sindhu amepata fedha ya Rio, shaba ya Tokyo na ubingwa wa dunia wa mwaka 2019. Mabinti hao wawili wana lugha tofauti na dini tofauti, lakini wote walikulia chini ya paa.

Sisi hatuna paa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kinyoya kinachotumika kwenye mashindano kina manyoya 16 na uzito wake haufiki gramu sita. Kwa sisi watu wa huku, hizo ni kama korosho tatu au nne zilizobanguliwa, ukiziweka kiganjani huzisikii. Ndani ya ukumbi Pearly Tan wa Malaysia amekipiga kwa kasi ya kilomita 438 kwa saa, rekodi ya wanawake iliyowekwa mwaka 2023. Hapa kwetu kinyoya hicho hicho kinapigwa kwenda kaskazini kinaangukia magharibi, kwenye ua wa jirani. Kusi ikianza mwezi wa nne tunajua mpaka mwezi wa tisa hatuna mchezo wa maana. Ikiisha, kaskazi inaingia. Ndiyo maana mabinti hawa hufanya mazoezi saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla upepo wa baharini haujaamka, wakisindikizwa na kaka zao wenye tochi. Ikifika saa tatu asubuhi wavu unaanza kupiga kelele kwenye nguzo na kila mtu anakusanya vitu vyake. Tulijaribu kuziba upande wa bahari kwa makuti. Yalidumu wiki mbili.

Mwezi wa saba mwaka huu binti yetu mmoja wa kidato cha tatu alirudi nyuma kukifuata kinyoya kirefu. Upepo ukakikata, akageuka ghafla, mguu ukabaki kwenye mchanga na mwili ukaenda. Yupo pale mstari wa mbele, amekaa na magongo yake. Yeye ndiye mchezaji wetu bora. Marín alipoumia alikuwa na madaktari na kituo cha taifa. Huyu alikuwa na kitenge cha mama yake tulichomfungia goti, na bodaboda ya kumpeleka hospitali.

Kuna kiongozi mmoja alitushauri tuache kulilia ukumbi, tucheze ule mpira wa vinyoya wa nje ambao shirikisho la dunia liliuzindua mwaka 2019. Tulimshukuru na tuliufuatilia. Kinyoya chake maalumu kimeundwa kuhimili upepo wa hadi kilomita 12 kwa saa, na kusi ya hapa kwetu Shangani haijawahi kuuliza mtu kilomita ngapi. Zaidi ya hapo, Olimpiki haichezwi hivyo. Orodha ya ubora ya dunia huhesabu matokeo kumi bora ya mchezaji katika wiki 52, na matokeo hayo yote hupatikana ndani ya ukumbi. Binti anayejifunza kuufidia upepo anajifunza kosa. Akipelekwa Dar es Salaam kwenye ukumbi uliofungwa, kila pigo lake linatoka nje ya mstari. Tumeliona kwa macho yetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunasema haya kwa heshima kubwa: wewe si mgeni rasmi wa kwanza kusikia habari ya ukumbi. Wa kwanza alisimama hapo uliposimama, akatuahidi mifuko mia moja ya saruji na mabati, akasema ndani ya siku tisini. Tulipiga vigelegele. Wazazi walikuja Jumamosi tatu mfululizo na majembe yao, wakachimba msingi wa ukumbi ili saruji ikifika isikute kazi haijaanza. Msingi huo upo nyuma ya hema hili na tunaomba kabla hujaondoka uutazame. Mvua za mwaka jana ziliujaza maji, mtoto wa jirani akatumbukia, tukalazimika kuuzungushia miiba. Tuliandika barua nne za kukumbusha. Ya mwisho tulijibiwa kwamba suala letu linafanyiwa kazi. Mgeni rasmi wa pili aliahidi kwamba atakwenda kuuliza kuhusu ile ahadi ya kwanza. Picha za siku zote mbili tunazo, na mihtasari ya vikao ipo kwenye faili ambalo mwenyekiti wetu atakukabidhi leo.

Hatuna kinyongo, Mheshimiwa. Lakini ahadi ni deni, na wanaodai deni hili walikuwa darasa la tano lilipokopwa, sasa wapo kidato cha pili. Mchezaji wa mchezo huu hujengwa kati ya miaka minane na kumi na sita. Kila mwaka tunaongoja, kuna kundi zima la mabinti ambalo umri wake umepita.

Kwa hiyo safari hii hatuombi saruji wala jengo jipya. Tunaomba ghala. Mita mia mbili kutoka hapa lipo ghala kuukuu la korosho ambalo kwa misimu kadhaa halijapokea gunia hata moja. Kuta zake ni nzima. Uwanja wa wachezaji wawiliwawili una urefu wa mita 13.4 na upana wa mita 6.1, na tulipopima ndani kwa futi ya fundi tuliona viwanja vitatu vinakaa na nafasi ya kupita inabaki. Mashindano makubwa ya dunia hutaka dari ya mita 12. Ghala lile halifiki hapo, lakini kwa kujifunzia linatosha kabisa. Lina matundu kwenye mabati na sakafu imebomoka upande wa mlangoni. Mafundi ni wazazi wetu wenyewe, wamejitolea nguvu zao bila malipo, na majina yao yapo ndani ya faili. Tunachokosa ni kibali cha maandishi cha kulitumia, chenye sahihi na muhuri, na muda usiopungua miaka mitano, ili tusije tukaziba matundu kisha tukatolewa. Msimu ukiwa mkubwa na ghala likahitajika kwa korosho, tuko tayari kuliachia kwa miezi hiyo na kurudi baadaye. Korosho ndiyo inayolipa ada za watoto hawa, hatuwezi kuipinga.

Yapo mahitaji mengine, kama raketi, vinyoya, viatu na nauli. Hayo tutaendelea kuyahangaikia wenyewe. Vinyoya vilivyokatika tunavishona kwa uzi na kuvifukizia mvuke wa sufuria ili manyoya yasivunjike haraka, na mama mmoja hapa amekuwa bingwa wa kazi hiyo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakuomba jambo moja la mwisho kuhusu ghala. Kama kibali kinawezekana, tutajie leo, mbele ya wazazi hawa, ofisi tutakayokwenda na siku ya kwenda. Kama hakiwezekani, tutajie pia leo, ili Jumatatu tuanze kutafuta pengine. Baada ya risala hii tumeandaa mchezo mfupi wa maonyesho ili ujionee mwenyewe upepo unavyofanya. Tumeupanga uwe mapema, kabla ya chakula, kwa sababu saa hizi bado panachezeka.

Naomba kuwasilisha.

Katibu,
Kwa niaba ya wanakikundi, wazazi na walezi,
Mtwara.