Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama chetu cha wagonjwa wa saratani ya damu atazisoma mweka hazina. Mimi nasema tu kwamba ada bado zinachelewa. Kilichoisumbua kamati mwaka mzima ni wenzetu wanaojisikia wazima, kisha wanaanza kuruka dawa.

Wapya wengi hufika wakiuliza wamekosa nini. Hawajakosa kitu. Saratani yetu ya damu, CML, hairithiwi wala haiambukizi. Ndani ya seli moja ya uboho, kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba) ya 9 na ya 22 zilikatika zikabadilishana vipande. Ile ya 22 iliyofupika hivyo ilionekana mara ya kwanza Philadelphia mwaka 1960. Hapo ndipo inapotoka protini ya BCR-ABL. Protini ya kawaida, ABL, hupokea amri, hufanya kazi, hutulia. Hii haitulii: ni honi ya daladala iliyonata, inaiamuru seli igawanyike usiku na mchana. Bandama inavimba, jasho la usiku linatoka, na baadhi yetu tulimeza dawa za malaria kwanza kabla damu haijapimwa vizuri.

Dawa yetu, imatinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, huingia kwenye kijishimo ambamo protini hiyo huchukulia nishati, na protini ikanyamaza. Lakini seli mama zenye kasoro zinabaki. Ukiacha dawa kiholela zinaamka, na zingine hubadilika umbo la protini hata dawa isipate pa kukaa.

Mwenzetu mmoja alituonyesha kopo lake: mwezi umeisha, vidonge nusu vimebaki. Anameza leo, kesho anaruka, eti asije akaishiwa. Tena macho yanamvimba asubuhi, majirani wanadai analizwa na mumewe! Uvimbe huo huletwa na dawa, na daktari anaweza kusaidia. Usijipunguzie dozi.

Kujisikia vizuri si kipimo. Kipimo ni PCR ya BCR-ABL, kipimo cha damu kinachoonyesha BCR-ABL imebaki kiasi gani. Mashine ya GeneXpert tunayoijua kwa kifua kikuu inaweza kukifanya ikiwa na katriji yake, na katriji hizo ndizo tutakazozidi kuzidai mwaka huu.

Akina dada mnaotaka kubeba mimba, mwoneni daktari kabla, maana imatinib haimfai mjamzito.

Nafasi ya katibu iko wazi. Majina ya wagombea yafike mezani kabla ya chakula cha mchana.