Benki zisitufungie kadi tukiwa ugenini

Ndugu Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu miaka mingi bila kuandika neno, lakini ile habari ya wiki iliyopita imenishinda. Maofisa wa benki wamesifia mitambo yao inavyozuia wizi wa kadi, na mwandishi wenu hakumuuliza mteja hata mmoja inakuwaje mtambo unapomzuia mwenye pesa.

Nilimpeleka baba Chennai, India, kufanyiwa upasuaji wa moyo. Kabla ya kuondoka nilikwenda tawini, nikajaza fomu ya kutoa taarifa ya safari, ikagongwa muhuri, dada wa kaunta akaniambia niende salama, kadi iko wazi. Kufika hospitali, wanataka malipo ya awali ndipo mgonjwa apewe kitanda. Mashine ikakataa kadi. Karani akarudia, ikakataa tena, akanisukumia kadi chini ya kioo na kumwita aliyefuata kwenye foleni. Baba yuko nyuma yangu kwenye kiti cha magurudumu, miguu imevimba hata viatu havimwingii, ananiuliza kama pesa zimeisha. Pesa zilikuwepo, Mhariri! Tuliuza shamba la familia na fedha yote tukaiweka kwenye akaunti ile. Namba iliyoandikwa nyuma ya kadi ni ile ya bure inayoanza na 0800, ambayo nilipopiga kutoka kule haikupatikana. Namba ya siri ya kuthibitisha malipo ilikuwa inatumwa kwenye laini yangu ya Tanzania, na laini haikushika mtandao. Nikaomba intaneti ya hospitali, nikaiandikia benki WhatsApp, nikajibiwa na programu: bonyeza moja kwa salio, mbili kwa mikopo. Kule ilikuwa saa nne asubuhi, huku kwetu saa moja na nusu, matawi hayajafunguliwa. Aliyetuokoa ni Mtanzania tuliyepanga naye nyumba moja ya wageni, naye akiuguza mke. Alitoa dola zake mwenyewe, mdogo wangu akawarudishia nduguze kwa simu hapa Dar es Salaam. Niliporudi benki iliniambia kadi ilifungwa kwa usalama wangu.

Usalama huo siuoni kwa wezi wenyewe. Laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa Januari 2020, tukapanga foleni juani, wazee wenye vidole vilivyosuguliwa na jembe wakahangaishwa. Hadi leo bado tunatumiwa ujumbe wa matapeli: "ile hela tuma kwenye namba hii". Mwizi ana laini inayofanya kazi na anafikisha ujumbe kwa yeyote amtakaye, lakini mimi niliyejaza fomu sikuweza kumpata mtu wa kunisikiliza.

Naiomba Benki Kuu iziagize benki kuchapa nyuma ya kadi namba ya kawaida inayoanza na +255, ipokelewe usiku na mchana na mtu mwenye mamlaka ya kufungua kadi, si wa kukuambia subiri. Namba ya siri itumwe kwa barua pepe pia. Fomu ya safari isibaki kwenye faili la tawi, iingizwe kwenye mtambo uleule unaofunga kadi. Na pale Terminal 3, uwanja wa Julius Nyerere, kila benki iweke mfanyakazi karibu na uhamiaji, amhakikishie msafiri kadi yake kabla hajapanda ndege, akianza na wenye visa za matibabu.

Msomaji wenu,
Temeke, Dar es Salaam