Tupime kwanza kabla ya kuilaumu seva

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenzangu tunaotengeneza programu za wavuti kuhusu mazoea yetu ya kukisia. Programu ikiwa nzito, upesi tunainyoshea seva kidole na kuomba fedha za kununua kubwa zaidi, ilhali hakuna hata mmoja wetu aliyepima muda unapotelea wapi.

Nami nimo katika lawama hii. Tulikuwa na ukurasa wa orodha ya wateja 200 uliochukua zaidi ya sekunde mbili kufunguka, na tukabishana siku nzima kama tatizo ni mtandao au ni seva. Nilipowasha profaila, yaani programu inayorekodi kila fanksheni (kipande cha programu kinachofanya kazi moja) imeitwa mara ngapi na imekula muda gani, niliona kwamba ukurasa ule ulikuwa ukiipelekea hifadhidata maswali 201: moja la kuleta orodha, na mengine 200 ya kuuliza anwani ya kila mteja peke yake. Kila swali lilimalizika kwa takriban milisekunde 10, kwa hiyo hakuna lililonaswa katika kumbukumbu za maswali mazito. Ubaya ulikuwa katika wingi wake. Tuliyapunguza yakabaki mawili, na ukurasa ukafunguka mara moja kwenye seva ileile.

Kwa upande wa kivinjari hatuna hata kisingizio cha gharama. Firebug, zana ya kukagua kurasa na kutafuta makosa, ilipotoka mwaka 2006 ilikuwa nyongeza ya kupachikwa kwenye kivinjari cha Firefox. Leo vivinjari vikuu vyote vinakuja na zana za namna hiyo ndani yake. Hata hivyo, wengi wetu tunaishia kwenye konsoli, yaani dirisha la ujumbe wa programu. Badala ya kubofya namba ya mstari wa msimbo ili programu isimame papo hapo, tukague thamani zilizomo na mlolongo wa fanksheni zilizoitana hadi kufika hapo, tunatawanya console.log (amri ya kuandika ujumbe kwenye konsoli) kila kona, na nyingine (nakiri) husahaulika zikawafikia watumiaji.

Kipimo cha utendaji ndicho kinachopuuzwa zaidi. Kazi yoyote inayoushika uzi mkuu wa kivinjari, yaani foleni moja inayoendesha msimbo wa ukurasa na kujibu mibofyo, kwa zaidi ya milisekunde 50 huhesabiwa kuwa ndefu, kwa sababu wakati huo mtumiaji anaweza kubofya na asijibiwe. Kwenye kompyuta zetu zenye nguvu kasoro hiyo haionekani, ndiyo maana Chrome inaruhusu kuigiza prosesa iliyo dhaifu mara 4 au 6. Anayejaribu kazi yake katika hali hiyo kwa dakika tano atayaelewa malalamiko ya wenye simu za kawaida kuliko kwa kusoma barua zao mwezi mzima.

Ni kweli kwamba kupima nako kuna gharama. Profaila inayofuatilia kila mwito wa fanksheni huichelewesha programu, na kuiacha Xdebug (zana ya kukagua na kupima programu za lugha ya PHP) ikiwa imewashwa kwenye seva inayohudumia watu ni kujitengenezea uzito mwingine. Kwa hiyo ninachowaomba wakuu wa timu ni kidogo: ombi la seva mpya lisipokelewe bila kuambatanishwa na rekodi ya profaila, ikionyesha fanksheni ipi au swali lipi ndilo linalokula muda.

Mtengenezaji wa programu za wavuti