Barua kwa mwanangu: kazi ya likizo iandike kabla hujatoka geti

Mwanangu,

Hujambo baba. Sisi wazima, nyanyako goti lamsumbua lakini mdomo hauna tatizo lolote. Hii barua nampa mamake mwenzako anayekuja huko Jumapili, maana simu hamruhusiwi na mkipewa ile ya mwalimu wa zamu ni dakika mbili na zote waniuliza pesa ya matumizi.

Nimeona kwenye grupu ya wazazi mwafunga wiki ijayo. Sasa nisikize neno moja tu, kazi ya likizo. Iandike. Yote, kila somo, kabla hujatoka hilo geti.

Ya Aprili wayajua mwenyewe sina haja ya kuyarudia, ila lile daftari la hesabu mimi nililifungua ulipokuwa umelala. Juu umeandika KAZI YA LIKIZO, umepiga mstari kwa rula mara mbili, mstari umenyooka kabisa, halafu chini hakuna hata nukta. Kukuuliza wasema mwalimu alisema kwa mdomo. Na ile ratiba yako ya rangi tatu bado iko nyuma ya mlango, haina tiki hata moja. Mimi ratiba sitaki tena, nataka nijue kazi ni ipi.

Waona kama nakusumbua. Lakini hebu fikiria, nyinyi ndio mkia wa 8-4-4, huu mfumo wa zamani wa masomo unaoisha. KCPE ya mwisho, ule mtihani wa darasa la nane, 2023 mlifanya nyinyi, na KCSE ya mwisho ya Form Four 2027 mtafanya nyinyi. Nyuma yenu hapo shuleni hakuna Form Two, kuna Grade 10 ya mtaala mpya, na hao wana masomo yao mengine kabisa. Nduguyo alipoteleza alirudia Form Three, akaona haya mwezi mmoja, akaendelea, leo yuko bandarini anapata riziki yake. Wewe ukiteleza warudi darasa lipi? Hilo ndilo laninyima usingizi, si kwamba sikuamini.

Na usitegemee tuisheni. Tuisheni ya likizo imekatazwa na sheria tangu ile ya elimu ya 2013, najua wako wanaofundisha kichinichini majumbani kwa watu lakini mimi hiyo pesa sina na hayo ya kujificha siyataki. Kwa hivyo ukifika hapa hujui ufanye nini, wiki zote hizo utamuuliza nani? Mimi? Hesabu zenu za herufi zilinishinda zamani. Wala usiniambie mwalimu atatuma kwenye wasap, mara ile walituma picha imepigwa upande upande, nusu giza, nikaenda saiba nikaprinti shilingi kumi kila ukurasa, kuangalia, ukurasa wa tatu haupo.

Fanya hivi. Chukua karatasi moja, andika somo, kitabu, ukurasa gani mpaka gani, na siku ya kurudisha. Anza ukimaliza kusoma hii barua, usingoje siku ya mwisho, siku hiyo kuna kuosha bweni, kuhesabiwa viti, kupanga foleni ya ripoti, na walimu wenyewe washafunga safari. Yule wa fizikia unayemuogopa ndio uanze naye. Mfuate stafurum, hatakula. Muulize na yale uliyokosa kwenye mtihani ni mada gani, sababu kunakili noti kwa kalamu nyekundu na buluu likizo nzima si kusoma, na wewe hapo ndipo penye raha yako.

Vitabu vya shule, vile vya serikali, rudisha vya kurudisha na uone jina lako likikatwa kwenye orodha, usimuachie mtu akurudishie. Kikipotea nalipa mimi. Ile atlasi nililipa, nikapiga kelele mbele ya nyanyako na wageni, haya, hilo tuliwache.

Insha yako ile ya bandari walionipa siku ya wazazi nimeiweka kabatini pamoja na vyeti. Nilimsomea nyanyako akasema huyu mtoto ana maneno kama babu yake. Kichwa unacho, mpangilio ndio huna, na hilo si kwangu ulikolitoa, babako alikuwa akitafuta funguo nazo ziko mkononi.

Mkoba panga usiku wa kuamkia safari, vitabu kwanza halafu nguo, maana nakujua, nguo zikitangulia vitabu vyabaki kwenye sanduku na sanduku lafungwa kwenye stoo mpaka mfungue. Hiyo karatasi ya kazi isikae ndani ya mkoba, itie mfukoni. Tena nguo fua huko huko. Bomba la maji ya chemchemi ya Mzima lapita pande zenu huko kuja Mombasa lakini hapa Changamwe mfereji wetu sasa ni pambo tu, twanunua kwa mkokoteni, na mimi sitamaliza mitungi kwa soksi zako.

Nauli nitamtumia mwalimu wa darasa. Ukifika Voi panda gari la asubuhi, usingoje wenzako wanaozunguka mjini kununua chipsi, hiyo barabara ya Maungu mpaka Mariakani na malori yale sitaki uwe humo giza likiingia. Shukia hapa kwenye steji, usipitilize mjini.

Utalala sebuleni, chumba chako yuko nyanyako mpaka goti lipoe. Meza nimekuwekea karibu na dirisha la jikoni, ndipo penye taa nzuri, ila asubuhi mpaka saa nne napikia mahamri hapo kwa hivyo utasoma baadaye ama uniondolee unga. Dadako ashasema feni ni yake, hayo mtamalizana wenyewe. Kanzu yako nimepeleka kwa fundi aongeze pindo, nimemkadiria tu, kama umeota zaidi ya kiganja niambie akitia mkasi isiwe hasara.

Mpe huyu mama jibu, na umuandikie masomo ambayo ushapata kazi yake. Hata kama ni mawili.

Mamako

Na ile ndoo ya buluu ni ya nyanyako, ashaiulizia. Irudi na kifuniko chake.